Dhamira ya Rebeka

Tai ilikuwa ikimkaba Mwalimu Shigela tangu walipoondoka Ilemela, lakini hakuilegeza. Mtu haendi kuonana na baba wa binti akiwa shingo wazi.

"Umependeza, Mwalimu," Rebeka alimwambia waliposhuka Magu. "Baba anapenda watu wanaojiheshimu."

Shigela akainyoosha tai. Maneno ya mhusika hayatoki bure. Ndivyo alivyowafundisha kidato cha nne: mtazame mhusika anachosema, anachotenda na wenzake wanavyomsema, utamjua nje ndani. Yeye mwenyewe hakuwahi kukutana na mhusika wa kitabuni aliyemshinda. Wanawake wa kweli walikuwa wamemshinda kadhaa, lakini hao, alijiambia, hawakuwa wameandikwa vizuri.

Rebeka alikuwa mwalimu mgeni wa Jiografia. Mambo yalianza siku alipopita nje ya darasa akamsikia Shigela akichambua riwaya moja kongwe, ya msichana aitwaye Minza, anayemkataa mume mwenye zizi la ng'ombe na kuvuka ziwa peke yake.

"Dhamira kuu ni mapenzi!" Shigela alikuwa akinguruma. "Minza anamfuata kijana wake ng'ambo!"

Gladness, mwanafunzi wa dawati la mbele, alinyoosha mkono. "Mwalimu, mbona huyo kijana hatajwi tena baada ya sura ya pili? Labda Minza hamfuati mwanamume yeyote."

"Gladness, mtu havuki ziwa kwenda kuangalia mawe. Kaa chini."

Darasa lilicheka. Rebeka, pale dirishani, hakucheka. Mchana alimfuata Shigela ofisi ya walimu na sahani ya sato wa kukaanga, macho yakimng'aa.

"Ulivyomtetea Minza, Mwalimu... nilisikia kama unanisema mimi."

Tangu hapo Shigela akawa halali vizuri. Alikusanya hoja kama mtu anayejibu swali la insha. Rebeka alimkataa mfanyabiashara wa Mirongo mwenye gari lake. Shigela akaona: huyu hafuati mali. Alipomnunulia hereni, Rebeka alizirudisha kwa upole, akisema huko aendako hatazihitaji. Shigela akaona: huyu hana makuu, na tena anaujua mshahara wa mwalimu.

Kisha siku moja, wakinywa chai, Rebeka alisogeza kiti karibu.

"Nimeshaamua maisha yangu nampa nani, Mwalimu. Ila baba ameshaongea na jirani yetu mwenye ng'ombe wengi, hataki kunisikia. Wewe una maneno. Twende nyumbani ukaseme naye."

Chai ilimwingia Shigela puani. Alikohoa, akajifuta, akasema atakwenda. Hakuuliza jina. Mchambuzi hodari haulizi jina la mhusika aliye wazi.

Na sasa alikuwa sebuleni kwa Mzee Ngosha, baba yake Rebeka. Mama, Dorotea, alikuwa amekaa mkekani, khanga mdomoni. Rebeka alisimama karibu na mlango.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Binti anasema wewe ndiye utakayesema. Haya, sema."

Shigela akasema. Alisema kuliko alivyowahi kusema darasani. Alisema moyo wa mtu si ndama, haufungwi kamba. Alisema mzazi anayemzuia mtoto wake asiende anakopenda, humpoteza akiwa bado naye nyumbani. Alisema kumtoa binti kwa ng'ombe kila baba anaweza, bali kumtoa kwa upendo kunataka mwanamume hasa. Maneno mengine hakujua yalikotoka. Alijisikiliza mwenyewe akajionea wivu. Mama Dorotea akaanza kufuta machozi.

"Na huyo anayemtaka," mzee aliuliza, "mahari yake iko wapi?"

Shigela alielewa. Mzee anamsema kana kwamba hayupo, ili asimwaibishe. Akamjibu kwa adabu ile ile.

"Hana ng'ombe, mzee. Lakini hatamwacha kamwe."

"Hilo sikatai." Mzee aliinua macho, akatazama bati. "Na wajukuu je?"

Masikio ya Shigela yaliwaka moto. Alitazama viatu vyake.

"Hayo, mzee, tumwachie Mungu."

Mzee Ngosha alitikisa kichwa. Huko zizini ng'ombe akalia kwa sauti nene, na Shigela akahisi naye anampinga.

"Nilikuwa nimeapa kukataa," mzee alisema hatimaye, sauti ikimkatika. "Nimewakatalia ndugu zangu, nimemkatalia na mama yake. Lakini wewe umenishinda, Mwalimu. Nimekubali. Namtoa, tena kwa moyo mmoja."

Shigela akasimama. Katika maisha yake yote ya kuchambua watu, hakuwa amewahi kupatia hivi. Akafungua mikono ampokee baba mkwe.

Mzee akampita. Alikwenda hadi mlangoni, akamwekea binti yake mkono kichwani.

"Kawapigie simu masista, mwanangu. Waambie waje wakuchukue, ukawe mtawa."

Rebeka aliangua kilio cha furaha. Kisha akaja akampigia Shigela magoti, mbele ya wazazi wake wote wawili.

"Mungu akulipe," alisema, "kaka Shigela."