Macho Makavu

"Nitazame machoni," bosi alisema kwa mara ya tatu, na mpiga pasi akazidi kuinamisha kichwa.

Walikuwa wamepangwa mstari mbele ya kaunta, wafanyakazi wote wanne wa duka la dobi: dereva, mfuaji, mpiga pasi na msimamizi. Mashine zilikuwa zimezimwa, jambo ambalo halikuwahi kutokea saa nne ya asubuhi. Mteja mmoja, mwalimu mstaafu, alikuwa amesahau pete mfukoni mwa koti lake. Ilikuwa pete ya marehemu mama yake, na tangu duka lifunguliwe alikuwa ameshapiga simu mara mbili akilia.

"Niliikuta jana jioni," mpiga pasi aliiambia sakafu. "Nikaiweka kwenye kopo la biskuti, hapo kaunta, tunapoweka vitu vya wateja. Dada aliniona."

"Aliiweka," msimamizi alisema. "Nilimwona."

"Sawa, aliiweka. Nani aliyeitoa?"

Wote wanne walipita mbele ya kopo lile wakati wa kufunga.

Wiki moja kabla, bosi alikwenda semina ya siku mbili ya wenye biashara. Alirudi na kalamu ya bure, begi la kitambaa na elimu moja mpya: mwizi hawezi kukutazama machoni. Tangu siku hiyo alikuwa akiwakazia watu macho mpaka wanasahau walichotaka kusema, na wafanyakazi walikwisha kumbatiza jina la Semina, ingawa si mbele yake.

Alianza na dereva, ambaye alipepesa kidogo, akapita. Mfuaji aliyatoa macho kama anapigwa picha ya kitambulisho, naye akapita. Msimamizi aliinua uso na kumtazama bosi wake moja kwa moja, bila kutikisika. Miaka kumi na miwili ya kubishana na wateja kuhusu vifungo vilivyokatika ilikuwa imemfundisha kazi hiyo.

"Mmeona?" bosi aliwaambia wale wengine. "Hivi ndivyo anavyotazama mtu asiye na la kuficha. Na wewe, hicho kidole ulichokifunga plasta kimefanya nini?"

"Pasi, bosi. Jana."

"Pole sana."

Pole ile ilimchoma msimamizi kuliko pasi yoyote. Alijua mpiga pasi hakuiba. Hakuwa na shaka hata chembe. Neno moja tu lilihitajika, "Bosi, huyu si mwizi," na kila alipojaribu kulitoa, ulimi ulimganda.

Yeye na mpiga pasi walitoka kwa watu wa namna moja na walilelewa kwa fimbo moja. Kwao mtoto hamkodolei mkubwa macho. Akikemewa anatazama chini, usawa wa mikono ya anayemkemea, mpaka aambiwe aondoke. Hapokei kitu kwa mkono mmoja. Na mkubwa akikosea hatahayarishwi mbele ya watu. Unangoja mbaki wawili, ndipo unamwambia kwa sauti ya chini. Msimamizi aliyaacha hayo kidogo kidogo, maana kaunta haimtaki mtu wa kutazama chini. Mwenzake aliingia nayo kazini kila siku, pamoja na chakula chake cha mchana.

Hata asubuhi hiyo alikuwa amewahi kufika, akamkuta msimamizi kwenye sinki la nyuma, povu limemfika viwiko. Alimsalimia kwa adabu zake zote, akamshikia taulo, kisha akaenda kumtafutia plasta kwenye kabati.

"Mara ya mwisho," bosi alisema. "Inua uso."

"Sikuichukua, bosi."

"Sijakuuliza kama uliichukua. Nakuuliza, unajua pete iko wapi?"

Macho ya mpiga pasi yalihama kidogo tu, kutoka mikono ya bosi hadi mikono ya wenzake, kisha yakarudi sakafuni.

"Unajua au hujui?"

Hakujibu. Msimamizi alitamani ardhi ipasuke immeze, yeye na kaunta yake.

"Basi umeshanijibu," bosi alisema. "Vua aproni uende. Mwalimu akija nitamweleza mwenyewe."

Mashine ziliwashwa tena. Dereva aliondoka na mzigo wa shuka, mfuaji akarudi kwenye beseni lake bila kumtazama mtu. Msimamizi alimfuata mpiga pasi chumba cha nyuma, akasimama mlangoni kama mgeni. Alikuwa anamfikiria mama mgonjwa na watoto wawili wanaomngoja mwenzake nyumbani, na joto la aibu lilikuwa limempanda mpaka masikioni.

"Mdogo wangu," alisema, "acha hasira zimpoe. Kesho nitazungumza naye. Nakuahidi."

Aliyasema hayo akiutazama ukuta. Macho yale makavu ya kaunta yalikuwa yamemkimbia.

Mpiga pasi alikuwa akiikunja aproni, ukingo kwa ukingo, kama anavyokunja mashati ya wateja. Alipomaliza alimkabidhi kwa mikono miwili, kichwa kimeinama, halafu akageuka kuhakikisha kwamba nyuma yao hapakuwa na mtu.

"Dada, usikifunge sana hicho kidole, kitazidi kuvimba," alinong'ona. "Sabuni haitoshi. Kipake mafuta ya kula, halafu uizungushe pete polepole. Itatoka."