Boksi Lisilopumua

Mpishi alikata vipande viwili vya selotepu kwa meno, akavibandika juu ya matundu ya boksi tupu la pizza, kimoja kulia, kimoja kushoto. Kisha akavipapasa kwa kidole gumba kuhakikisha hakuna pa kupita hata pumzi ya mbu.

Maboksi mengine yote ya mgahawa ule yaliachwa wazi pembeni, maana pizza ya kubeba lazima ipumue. Ikikosa pa kutolea mvuke, inajitoa jasho yenyewe. Ukifika nayo nyumbani, mkate uliotoka motoni ukilia chini ya meno umelegea kama kitambaa cha kupigia deki, na jibini lote limehamia kwenye kifuniko.

Boksi hili lilikuwa la mama mkwe wake. Yaani, aliyekuwa mama mkwe wake.

Ijumaa hiyo ilikuwa ya kumi na moja. Kila Ijumaa, saa kumi alasiri, bibi yule aliingia na mkoba kwapani, akaagiza pizza moja ya nyama, pilipili nyingi, ya kubeba. Mpishi alimwona kupitia kidirisha cha kupitishia sahani. Yeye hakuonekana. Nani hutazama sura iliyo nyuma ya tanuri?

"Pilipili siku hizi anaziweza," mpishi alijisemea mara ya kwanza. Zamani chembe moja tu ingemfanya asukume sahani. Miaka sita alimpikia bila pilipili. Shukrani yake ikawa kurudi kutoka sokoni asubuhi moja na kukuta masanduku yake mawili yamepangwa nje, mama mkwe kasimama mlangoni, mikono kifuani. Mume, eti, alikuwa safarini. Mwezi haukuisha, akaletwa mke mwingine.

Mwenye mgahawa alikuwa na sheria moja isiyovunjwa: mteja akilalamika, aliyepika ndiye anayetoka kumwomba radhi. Hiyo ndiyo siku mpishi aliyoingoja. Atoke na aproni yake, asimame mbele ya bibi na kusema, "Ndiyo, ni mimi. Yule uliyemtolea masanduku nje. Nimekulisha matope wiki zote hizi." Maneno hayo aliyakariri akikanda unga, na unga siku hizo ulilainika kupita kiasi.

Lakini bibi hakulalamika.

"Hajasema kitu?" mpishi alimuuliza mhudumu wa meza kila Ijumaa. Mhudumu huyo alikuwa mtu mzima, wote wakimwita Shangazi, kwa sababu hakuweza kuona mtu amesimama na kiti kipo.

"Amesema asante. Halafu kaniuliza goti langu linaendeleaje."

"Basi huyo ana ulimi wa mbao."

"Na wewe una nini naye?"

"Mimi? Napikia watu tu, Shangazi."

Ijumaa hiyo ya kumi na moja, Shangazi aliitazama miguu ya bibi ilivyovimba juu ya viatu, akavuta kiti.

"Mama, leo kaa. Kula hapa hapa. Pizza ikisafiri inachoka, kama sisi tu."

Bibi alicheka. "Nikichelewa, huko nyumbani patawaka moto."

"Pawake. Maji yapo."

Bibi akakaa, taratibu, kama mtu aliyesahau namna ya kukaribishwa. "Basi nianze na ndogo, ya kula hapa. Bila pilipili. Ile nyingine mtanifungia baadaye."

Mpishi alisikia kila neno. Akaisukuma ile ndogo motoni, akasimama mbele ya tanuri na ubao wake mrefu. Dakika mbili za ziada, na itakuwa mkaa. Mteja hawezi kunyamazia mkaa. Alihesabu moyoni. Wakati ulipofika, mkono wake uliingiza ubao na kuitoa pizza, rangi ya asali, kabla yeye mwenyewe hajaamua. Mkono uliozoea kupika vizuri una ukaidi wake.

Bibi alikula polepole, mpaka ukingo, mpaka makombo. Kisha akamwita Shangazi, wakanong'ona.

"Anakutaka," Shangazi alisema kidirishani.

"Analalamika?"

"Hajasema. Anamtaka aliyepika."

Mpishi alijifuta mikono. Alitoka akipita katikati ya meza, maneno yake yote yamejipanga kwenye ncha ya ulimi. Bibi aliinua uso. Hakushtuka hata kidogo.

"Kaa, mwanangu."

"Nimesimama vizuri."

"Najua. Mkono wako niliujua Ijumaa ya kwanza, nilipomega kipande njiani." Bibi alitazama sahani tupu. "Siku ile mume wako aliniambia nichague: masanduku yako au yangu. Nikachagua yako. Sikuiti unisamehe."

Mpishi alivuta kiti, akakaa. 

"Nimekuita kwa jambo dogo," bibi akaendelea. "Ile ya pilipili ni ya huyo aliyeletwa. Mimi kanihamishia stoo, na Ijumaa ananituma kama mjukuu. Sasa anataka niende mgahawa mwingine. Namwambia umefungwa." Akainama, akashusha sauti. "Tafadhali, mwanangu, ibane vizuri hiyo selotepu. Wiki iliyopita ya kushoto ilibanduka, ikabidi nilizibe tundu kwa kidole mpaka nyumbani."