Salamu za Droni

Chama cha wapenda droni kilipojadili sheria mpya, Shemweta ndiye aliyeitetea kuliko wote. "Jamani, turushe huku tukiwa macho ya serikali, au tufungiwe kabisa?" Wenzake walinung'unika, mwisho wakakubali. Tangu hapo kila droni ya burudani ikawa inapeleka yenyewe serikalini picha ya chochote kilichokatazwa.

Shemweta hakuona tofauti. Kila Jumapili aliirusha yake kutoka Lushoto, ikavuka bonde hadi kwa mama yake, bibi asiyetaka hata kusikia habari za simu. Mama aliweka jembe chini akaipungia khanga, naye akaiyumbisha kumwitikia.

Kisha wakaja watu wa serikali wakamfyekea mama maharage yote, kwa kuwa alilima kandokando ya mto, mahali palipokatazwa kulimwa.

"Mwanangu, nani kanichongea?" mama alimuuliza alipokwenda kumpa pole.

Shemweta aliinamisha kichwa. "Sijui, mama."

"Basi wewe usiache kunirushia ndege yako. Sina kingine cha kunichangamsha."

Hakuwa na moyo wa kumnyima. Tena alijiambia, pale kimebaki nini cha kuonwa? Jumapili akairusha. Mama alipoisikia alitoka mbio, ila safari hii hakupunga. Aliiashiria ishuke, akaangaza huku na huku, kisha akainama kwenye matete na kuyatenga kwa mikono miwili. Katikati yake miche ya maharage ilikuwa imechipua. Akamwinulia mwanawe uso, akicheka kama msichana.

Shemweta aliigeuza droni upesi. Lakini taa ndogo kwenye rimoti ilikuwa imeshawaka: picha imepokelewa.