Kitufe cha Oga

"Iko tayari au haiko tayari?" Oga Ladipo, yaani bosi Ladipo, aliuliza tena.

"Iko tayari, oga. Hata harusi ya gavana itaibeba," Tonbara alijibu, akainamia kompyuta yake ili kicheko kisimponyoke.

Haikuwa tayari. Programu yao iliandikwa kwa Zinu, lugha mpya ya kompyuta ambayo injini yake bado ilikuwa ya majaribio. Waundaji wake wenyewe walionya: msiiwekee wateja wa kweli. Tonbara aliijaribu kimyakimya kwenye seva za kukodi. Kwa wateja mia wa kuigiza ilikimbia kama swala. Walipoingia elfu tano kwa mpigo ilikata roho bila hata kuaga.

Na kesho Lagos nzima ingeingia humo kuagiza vitambaa vya sare za harusi.

Mwaka jana Tonbara aliunda mfumo wa malipo peke yake. Ladipo akapanda jukwaani, akasema "mfumo wangu", akapewa tuzo na picha gazetini. Tonbara akapewa soda. Tena ya moto.

Pale ofisini, mtaa wa Yaba, desturi ilikuwa moja: mfumo ukianguka, haulizwi aliyeuandika. Anayefukuzwa ni aliyebonyeza kitufe cha uzinduzi. Na kitufe alibonyeza Ladipo, siku zote. Kamera zikiwepo, huyo hata mlango wa choo angeuzindua.

"Kesho vaa vizuri," Ladipo alisema akitoka. "Mama yako bado yuko Yenagoa?"

"Yupo, oga. Kwani vipi?"

"Basi tu."

Sasa anataka kunitania mpaka mama, Tonbara aliwaza. Cheka, oga. Kesho utacheka na kuta.

Kesho yake ukumbi ulifurika matajiri waliokuja kuwekeza. Tonbara alikaa nyuma kabisa na sahani ya wali wa jollof, kama mtu aliyekata tiketi ya mpira. Kwenye skrini kubwa, wateja waliosubiri kufunguliwa walikuwa wamepita elfu tisa. Akaongeza nyama.

Ladipo akashika kipaza sauti.

"Mwaka jana nilisimama hapa nikajivika kazi ya mtu," alisema. "Tangu siku hiyo usingizi wangu si usingizi. Tonbara, ndugu yangu, njoo. Leo kitufe ni chako."

Makofi yakalipuka. Mtu akampokonya sahani, wengine wakamsukuma mbele.

"Oga, ngoja kwanza..."

"Usione haya, bwana! Si umesema mwenyewe iko tayari?"

Mlango wa pembeni ukafunguka. Akaingia mama yake, kilemba kipya kichwani, vumbi la safari bado miguuni. Alipita katikati ya matajiri wote akipiga vigelegele, akaja kusimama bega kwa bega na mwanawe.

"Bonyeza, baba," alisema, akijifuta machozi. "Bonyeza, nikuone."