Kofia ya Tatu

"Mfungeni," alisema Bi Mwanakhamis. "Tena miaka mingi."

Dama Kenga aliacha kuandika. Alikuwa afisa wa probesheni, na kazi yake ilikuwa kumweleza hakimu, kabla ya hukumu, mshtakiwa ni mtu wa namna gani na kama anafaa kufungwa au kurudishwa nyumbani chini ya uangalizi. Akina mama aliowahi kuwahoji wote walisema mtoto wao ni mwema, ameponzwa na wenzake. Huyu alikuwa wa kwanza kusema kinyume.

"Mama, Sabir ana miaka kumi na tisa. Ameiba simu Ganjoni, na amekiri kosa."

"Ameiba nyingi. Hamzijui tu."

"Alianza lini?"

"Tangu hajaota meno. Ni damu, mwanangu. Babake alikuwa hivi hivi. Mtu wa namna hii hafundishiki, hufungiwa."

Mzee Kamaludin, balozi wa mtaa aliyemleta Dama mpaka mlangoni, alicheka akiwa kwenye kiti cha pembeni. "Ajabu hii! Bi Mwanakhamis, wewe ni mamake au ni kiongozi wa mashtaka? Hata papa huwaonea wanawe huruma."

Bi Mwanakhamis aliinamia kazi yake. Alikuwa akidarizi kofia, na sindano haikusimama. Ua alilokuwa akilitia lilikuwa na petali saba, moja imepinda kidogo.

Ukutani palikuwa na misumari mitatu. Kwenye mmoja palitundikwa kofia kuukuu, iliyofuliwa mpaka nyuzi zake zimepauka. Miwili ilikuwa mitupu.

"Ile ya nani?" Dama aliuliza. Alijua kwamba swali dogo hulegeza ulimi.

"Ya kifungua mimba wangu."

"Na msumari wa pili?"

"Wa pili anayo kichwani."

"Kila moja ina ua lake?"

"Kila moja. Ili nimjue mwenyewe."

Dama alitabasamu. Kwao Kaloleni walikuwa ndugu sita, na kila siku ya kufua walipigania mashati.

"Hao kaka zake nao waliwahi kushtakiwa," alisema. "Nimeona kwenye rekodi zetu. Wote wawili waliachiliwa chini ya uangalizi. Wako wapi sasa?"

Bi Mwanakhamis alimtazama Kamaludin kabla ya kufungua kinywa. Kamaludin akamtangulia.

"Wale? Wametulia kabisa, afisa. Huwezi kuwasikia tena kwenye mambo ya magenge ya mapanga. Au vipi, Bi Mwanakhamis?"

"Wametulia," alisema mama.

Ilikuwa habari ya maana, na Dama aliiandika. Kisha mama akauliza swali lake la pekee.

"Huko jela, kuta ni ndefu?"

"Ndefu, mama. Hawezi kutoroka."

"Na mtu wa nje haingii?"

"Bila kibali haingii."

Mama aliitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu aliyeridhika na bei. Dama akaelewa kwamba hataki hata jamaa wamtembelee kijana. Moyo wake ulimwendea Sabir.

Ripoti aliiandika kwa uangalifu. Alieleza kwamba dhana ya mhalifu wa kuzaliwa ilikwisha kuachwa na wataalamu, na kwamba kauli ya mama isipewe uzito, kwa sababu mtoto anayeambiwa kila siku kuwa ni mwovu hatimaye huyatimiza hayo. Alieleza kwamba jela humkutanisha kijana na wahalifu waliobobea. Hakimu, hata hivyo, alijulikana kwa kuamini kwamba adhabu kali huwatisha wengine, na maneno ya vitabuni hayakumgusa. Kwa hiyo Dama alimalizia kwa ushahidi: nyumba ile ile, malezi yale yale, kaka wawili walioachiliwa kwa utaratibu uo huo, na hakuna hata mmoja aliyeshtakiwa tena.

Siku ya hukumu, hakimu aliisoma aya hiyo kwa sauti. Akavua miwani.

"Mahakama haiwezi kubishana na matokeo," alisema. "Miaka mitatu ya uangalizi. Nenda nyumbani, kijana, ufuate nyayo za kaka zako."

Kwenye benchi la nyuma, Bi Mwanakhamis alitoa sauti fupi kama mtu aliyechomwa na sindano. Karani alimtazama, akadhani ni furaha.

Nje, kwenye ngazi za mahakama, Sabir alisimama akipepesa macho juani. Mama yake alimshika mkono juu ya kiwiko na hakumwachia. Aliangalia barabara upande wa kulia, kisha wa kushoto. Kamaludin hakuwapo. Palikuwa na gari moja tu jeupe lililoegeshwa ng'ambo, vioo vyake vyeusi.

"Nitakuja kuwatembelea Jumatatu," Dama alisema. "Na wewe, Sabir, usiniangushe. Mama yako alikuwa mkali, lakini umeona? Amekuja."

"Asante, dada," Sabir alisema.

Bi Mwanakhamis alifungua mkoba akatoa kofia. Sasa ilikuwa imekamilika. Alimvika mwanawe, akaiweka sawa kwa vidole viwili, kisha akarudi nyuma hatua moja na kulitazama lile ua la petali saba. Alilitazama kwa muda mrefu, petali moja baada ya nyingine, midomo ikichezacheza kama ya mtu anayehifadhi sura ya Kurani.

"Imempendeza," Dama alisema.

"Kakake mkubwa walimwachilia hapa hapa, na gari jeupe likamchukua," alisema mama, bila kuondoa macho kwenye kofia. "Nilimtambua kwa ua lake, kwenye jaa la taka la Kibarani, kwa kuwa uso haukuwapo. Wa pili bado namtafuta."