Mashahidi wa Ulevi

Karani alitia alama kwenye "ndiyo" kwa nguvu, kalamu ikachora mpaka karatasi ya chini. Swali lenyewe lilikuwa fupi: umewahi kutawaliwa na kilevi?

Asubuhi ile shangazi yake alimsihi atie "hapana" ajinyamazie, kwani miaka minne hajagusa tone, na waliomwona akiyumba wamekwishasahau. "Mwanangu, ukweli una mahali pake. Fomu ya serikali si mahali pake."

Karani alimjibu kwamba mficha uchi hazai. Akaandika yote: pombe miaka mitatu, tiba miezi sita, kisha kuacha.

Hakuwa na pa kukimbilia. Masjala ya kawaida, alikokuwa akifanya kazi, ilikuwa inafungwa mwisho wa mwezi. Iliyobaki ni masjala ya siri, ile ya mlango wa chuma na mafaili ya mstari mwekundu, na bila kibali cha usalama huingii humo hata kufagia. Akinyimwa kibali, kazi ndiyo basi, na nyumbani ana mtoto wa miaka sita.

Kamati ya vibali ilikuwa ya watu watatu: mwenyekiti mwenye miwani, bibi wa utumishi, na mzee wa ulinzi. Tangu aingie hakuna aliyemtazama usoni. Walikuwa wakizungumza na karatasi.

Mwenyekiti alianza kwa kueleza kuwa mlevi ni gunia lililotoboka, ukimtilia siri zinamwagika njiani. Mzee wa ulinzi akaongeza kuwa yeye mtu wa namna hiyo hamwamini hata na ufunguo wa choo. Bibi wa utumishi alitaka kujua kama kule kilabuni, nyuma ya karakana, alikuwa akienda baada ya saa za kazi, au alikuwa akichomoka mapema.

Karani alijibu kwa upole kwamba alikwenda baada ya kazi, isipokuwa Ijumaa. Ijumaa watu walikuwa wakiwahi viti.

Bibi wa utumishi akaandika jambo, akalifuta.

Mwenyekiti alifungua kitabu cha kanuni, akasoma taratibu kama anayemsomea mgonjwa. Mwombaji aliyewahi kuwa mlevi alete mashahidi watatu, watumishi wenye kibali cha usalama, waliomwona kwa macho yao akinywa, na wanaojua kwamba ameacha.

Alikifunga kitabu. Sauti yake ikawa tamu.

"Binti, roho inatuuma. Lakini sheria ni msumeno. Sasa niambie, mtumishi mwenye kibali atakuwa amefuata nini kilabuni?"

Mzee wa ulinzi alicheka mpaka akapaliwa. Akasema hata mmoja hapatikani, sembuse watatu.

Karani alingoja kikohozi kiishe. Mikono yake ilikuwa imetulia mapajani.

"Kwa hiyo huna," mwenyekiti alisema, akaivuta fomu ili aigonge muhuri wa kukataliwa. "Au unao? Tuwaite lini?"

"Hakuna haja ya kuwaita, mheshimiwa. Wameshakaa."

Mwenyekiti aliurudisha muhuri ule, akaanza kupapasa droo akitafuta mwingine.

"Mimi nilikuwa nakunywa soda," akasema bibi wa utumishi, na hakuna aliyekuwa amemuuliza.