Baiskeli ya Watu Wawili

Kaka alisoma ujumbe wa daktari waliokuwa wakiusubiri, dada yake akiwa anamalizia kunywa maji, hapo daraja la kuingia kisiwa cha tatu linapoanzia. Mishipa ya macho imekufa. Upasuaji hautasaidia kitu.

Akaitumbukiza simu mfukoni, akapanda kiti cha mbele cha baiskeli. Dada, asiyeona tangu mwaka jana, akapanda nyuma. Siku ya nne sasa walikuwa njiani na msafara wa baiskeli wa kuchangisha pesa za upasuaji wa macho, na jina la dada ndilo la kwanza kwenye orodha ya wagonjwa.

"Haya dereva, tia moto! Nikipona nakaa mbele mimi, na wewe huku nyuma unuse jasho langu."

"Wewe? Si utatutosa baharini!" Kaka akacheka, kicheko kirefu kuliko utani wenyewe.

Shida ya baiskeli ile ni kwamba pedali za mbele na za nyuma huzunguka pamoja, mmoja akisita mwenzake anajua. Katikati ya daraja miguu ya kaka ikasita, ikakaza, ikasita tena.

"Kaka. Daktari kasema nini?"

Kaka akaendelea kukanyaga.

"Kasema haiwezekani."

Dada akaondoa miguu kwenye pedali. Baiskeli ikawa nzito kama imepakiwa mawe.

"Geuza. Nirudishe nyumbani."

Lakini daraja lilikuwa jembamba, baiskeli yenyewe ndefu, na nyuma yao msafara mzima ulikuwa ukipiga kengele na kumshangilia dada kwa jina walilompa wenyewe siku ya kwanza: "Kanyaga, Macho! Kanyaga!"